Bega linapoteguka tena na tena: Nguvu na mipaka ya upasuaji wa matundu madogo

KATIKA uwanja wa raga, jambo lenyewe hutukia kwa muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi. Mchezaji hunyosha mkono kumkaba mpinzani anayempita mbio, mkono huo huvutwa nyuma ukiwa umeinuliwa kando, na bega likachomoka. Kijana huanguka akiwa ameukumbatia mkono ulioumia, na bega lililokuwa la mviringo huonekana kama lililokatwa pembe. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza maumivu, daktari huurudisha mfupa mahali pake, mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa, na baada ya majuma matatu hivi maumivu huwa yamekwisha. Mwenyewe huhesabu kwamba amepona.

Aghalabu huwa hajapona. Miezi michache baadaye, akirusha mpira, akivaa shati au hata akijigeuza usingizini, bega hutoka tena, na safari hii kwa nguvu kidogo tu. Likitoka mara ya tatu na ya nne, hujifunza kulirudisha mwenyewe bila daktari, na wenzake humsifu kwa ushupavu. Sifa hizo hazina msingi, kwa maana kila mara bega linapotoka, uwezekano wa kulitibu kwa njia nyepesi hupungua.

Njia hiyo nyepesi ni upasuaji wa matundu madogo, ambao madaktari huuita athroskopi. Badala ya kulipasua bega na kulifungua, daktari hupitisha kamera nyembamba na vifaa vyembamba vya kazi katika matundu mawili au matatu, kila moja likiwa na upana usiofika sentimita moja. Mgonjwa akifika mapema, kazi hiyo humtosha. Akichelewa, matundu hayo yaweza kumsaliti.

Tatizo hili haliwapati wanaraga peke yao, ingawa katika nchi iliyotwaa ubingwa wa Singapore Sevens mwezi wa Aprili 2016, na ambayo shule zake nyingi za upili zina timu za raga, wao ndio wanaokumbukwa kwanza. Mwendeshaji bodaboda anayeanguka na kujikinga kwa mkono ulionyooka, makanga aliyening'inia mlangoni mwa matatu dereva anapofunga breki ghafla, na mwashi anayeteleza kutoka jukwaani, wote wamo hatarini. Mwenye kifafa naye anaweza kuteguka bega wakati wa kuanguka, na kwake mfupa mara nyingine hutokea nyuma badala ya mbele, hali inayoweza kufichika kabisa katika picha ya eksirei iliyopigwa kwa upande mmoja tu.

Ili kuelewa ni kwa nini bega husumbua hivi, inafaa kulitazama lilivyoumbwa. Kiungo cha nyonga ni kama tufe lililotumbukizwa ndani ya kikombe kirefu, na ndiyo sababu nyonga haitoki ila kwa ajali kubwa. Bega ni tofauti. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, nacho kimeegemea kisahani kidogo cha mfupa ambacho hakina kina, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Wakati wowote ule, ni sehemu ndogo tu ya kichwa hicho inayogusana na kisahani. Umbo hili ndilo linalompa binadamu uwezo wa kurusha jiwe, kukwea mnazi na kujikuna mgongoni. Hakuna kiungo kingine mwilini chenye uhuru wa kwenda pande nyingi kiasi hicho, na hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama hicho.

Chungwa hilo haliporomoki kwa sababu kisahani kimezungushiwa pete ya gegedu ngumu inayokiongezea kina, takribani nusu ya kina chote kinachopatikana. Kwenye pete hiyo hushikamana kano na mfuko laini unaokifunika kiungo. Nje ya mfuko ipo misuli minne inayolivuta tufe lielekee katikati ya kisahani kila mkono unaposogea. Mfupa, pete, kano na misuli husaidiana, na mmoja ukilegea wenzake hulemewa.

Bega linapochomoka, katika visa zaidi ya tisa kwa kila kumi mfupa hutokea upande wa mbele, kuelekea chini. Ukipita huko huing'oa pete ya gegedu kutoka kwenye ukingo wa mbele wa kisahani, pamoja na kano zilizoshikamana nayo. Daktari Mjerumani Georg Perthes alilieleza jeraha hili mwaka 1906, lakini jina lililodumu ni la Mwingereza Arthur Sydney Blundell Bankart, aliyeandika juu yake mwaka 1923 akisisitiza kwamba hicho ndicho kiini cha mabega yanayoteguka mara kwa mara, na kwamba dawa yake ni kuishona pete mahali ilipong'oka. Hadi leo madaktari huliita jeraha la Bankart.

Mtu atauliza, mbona pete hiyo isijiunge yenyewe kama mfupa uliovunjika unavyounga? Mara nyingi huunga, lakini mahali pasipofaa. Ikishang'oka huvutwa ndani, chini ya ukingo, ikaganda hapo kama ukuta ulioporomokea upande wa shamba la jirani. Kovu lipo, ila kizuizi hakipo tena mlangoni.

Jeraha la pili liko kwenye tufe lenyewe. Kichwa cha mfupa kinapokwama mbele ya kisahani, sehemu yake ya nyuma hugongana na ukingo mgumu na kubonyea. Wataalamu wawili wa eksirei wa Marekani, Harold Hill na Maurice Sachs, waliueleza mbonyeo huo mwaka 1940. Bega likitoka tena, mbonyeo hupanuka. Ukingo wa kisahani nao humeguka au hulika polepole, mpaka kisahani kilichokuwa kipana upande wa chini kikawa chembamba huko chini na kipana juu. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakizungumzia bega, lakini hakuna maelezo mafupi zaidi ya ugonjwa huu.

Si kila aliyeteguka bega atafuata njia hiyo. Umri ndio unaoamua zaidi. Uchunguzi uliofanywa Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 2006 uliwafuata wagonjwa 252 wa kati ya miaka 15 na 35 walioteguka bega kwa mara ya kwanza. Katika miaka miwili, zaidi ya nusu yao walikuwa wamepata matatizo tena, na kufikia mwaka wa tano idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi thuluthi mbili. Walioathirika zaidi walikuwa wanaume wachanga.

Kwa upande mwingine, daktari Lennart Hovelius wa Uswidi na wenzake waliyafuata mabega 257 kwa muda wa miaka 25, kazi ya subira isiyo ya kawaida katika utabibu. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba karibu nusu ya mabega hayo hayakuteguka tena, au yaliteguka mara moja tu. Yalionyesha pia kwamba kuufunga mkono kwa majuma matatu au manne hakukubadilisha chochote kuhusu nani angeteguka tena. Habari hii inafaa kuwafikia wazazi wanaoamini kuwa mtoto wao aliteguka mara ya pili kwa sababu alikivua kitambaa siku mbili kabla ya wakati.

Aliyevuka miaka 40 ana hadithi nyingine. Bega lake halina mazoea ya kutoka tena, lakini huenda misuli inayouinua mkono ikawa imechanika, au neva inayopita kando ya kiungo ikawa imeumia. Mzee ambaye mfupa wake umerudishwa vizuri lakini hawezi kuuinua mkono baada ya juma moja au mawili anapaswa kupelekwa hospitalini, wala asiambiwe kuwa ni uzee.

Kabla ya yote hayo kuna suala la nani anayeurudisha mfupa. Vijijini na hata mijini wapo mafundi wa jadi wa kuunga mifupa, na uwanjani hakukosekani shabiki anayejitolea kuuvuta mkono kwa kuukanyaga mwenzake kwapani. Mbinu hiyo ya kisigino ni ya kale mno, maana ilielezwa katika maandishi ya tabibu Hippocrates wa Ugiriki zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kasoro yake ni kwamba anayevuta hajui kama mfupa pia umevunjika. Akiuvuta mfupa uliovunjika, anaweza kuvitenganisha vipande vilivyokuwa pamoja, au kukata neva na mishipa ya damu iliyo kwapani. Hospitalini picha hupigwa kwanza, hisia za ngozi ya bega na mapigo ya mshipa mkononi vikapimwa, kisha mfupa ukarudishwa taratibu mgonjwa akiwa amelegezwa kwa dawa, na picha ya pili ikapigwa kuthibitisha.

Maandishi hayo ya Hippocrates yanaeleza pia tiba ya mabega sugu, nayo ilikuwa kumchoma mgonjwa kwapani kwa chuma cha moto ili kovu linalojikunyata libane njia ya mfupa. Wazo lenyewe, la kukaza sehemu iliyolegea, halikuwa la kijinga. Wapasuaji wa karne ya 20 walilifuata kwa kisu, wakalifungua bega kwa mbele, wakaikata misuli iliyowazuia na kuishona pete. Kazi ilifanikiwa mara nyingi, ila kovu lilikuwa refu na baadhi ya wagonjwa walibaki na mkono usioweza kugeuka nje kikamilifu. Kwa mrushaji mkuki au mchezaji wa mpira wa vikapu, hiyo ilikuwa sawa na kustaafishwa.

Athroskopi ilianzia kwenye goti. Mwaka 1918, Profesa Kenji Takagi wa Tokyo alikitumia kifaa cha kuchunguzia kibofu cha mkojo kutazama ndani ya goti la maiti, akitafuta njia ya kuugundua mapema ugonjwa wa kifua kikuu unaoshambulia viungo. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, alitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950 kifaa kilichotumika na madaktari wengi duniani. Bega lilifuata baadaye. Wa kwanza kujaribu kuishikiza pete ya bega kupitia matundu, katika miaka ya 1980, walitumia pini za chuma mfano wa zile za kubania karatasi. Nyingine zililegea na kuikwaruza gegedu. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990 zilipoenea nanga ndogo zenye nyuzi.

Siku ya upasuaji, mgonjwa hupewa nusukaputi, na mara nyingi huchomwa pia sindano ya ganzi shingoni ili mkono ufe hisia kwa saa kadhaa baada ya kuamka. Hulazwa ubavu, mkono ukivutwa kwa uzani mdogo, au huketishwa kama aliyeegemea kiti cha ufuoni. Tundu la kwanza hutobolewa nyuma ya bega na kamera yenye upana wa milimita nne hivi huingizwa. Maji ya chumvi husukumwa ndani bila kukoma ili kukipanua kiungo na kuiosha damu isizibe macho ya kamera. Daktari hatazami bega. Hutazama kioo kilicho mbele yake, mikono ikifanya kazi mahali ambapo macho hayapo, ustadi unaochukua miaka kuupata.

Kwanza hukagua. Picha ya MRI huwa imemwonyesha mengi, lakini sasa huligusa kila jambo kwa ncha ya chuma: pete imeng'oka kutoka wapi hadi wapi, kisahani kimelika kiasi gani, mbonyeo wa tufe una kina gani, na mkono ukigeuzwa nje mbonyeo huo hunasa kwenye ukingo au la. Kisha kupitia matundu ya mbele huibandua pete kutoka mahali ilipoganda. Hatua hii haiwezi kuruka, kwa kuwa pete isiyobanduliwa vyema hushonwa mahali pasipo pake. Ukingo wa mfupa hukwaruzwa mpaka utoe damu kidogo, kwani ni damu itakayoleta uponyaji.

Baada ya hapo hutobolewa vishimo kwenye ukingo wenyewe, na katika kila kishimo hutiwa nanga yenye upana wa milimita tatu hivi au pungufu, ya plastiki au ya malighafi inayoyeyuka mwilini kwa muda. Nyuzi zake hupitishwa kwenye pete na kano, zikafungwa hadi gegedu iliyokuwa imelala ikasimama tena ukingoni kama ukuta mfupi. Nanga tatu au nne hutumika kwa kawaida, kuanzia chini kwenda juu. Matundu hushonwa kwa uzi mmoja mmoja, na wagonjwa wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Ukiangalia makovu hayo madogo, ni rahisi kudhani kuwa kazi iliyofanyika ndani nayo ni ndogo, au kwamba njia hii ni bora kwa kila mtu. Dhana hiyo iliondolewa na makala moja ya mwaka 2000. Waandishi wake walikuwa Stephen Burkhart wa Texas, Marekani, na Joe de Beer wa Cape Town, Afrika Kusini, mmoja akiwa amewatibu wachezaji wa kandanda ya Kimarekani na mwingine wanaraga. Walikusanya upasuaji 194 wa Bankart waliokuwa wameufanya kwa matundu. Ambao mifupa yao haikuwa imelika sana, ni asilimia 4 tu walioteguka tena. Ambao kisahani au tufe lilikuwa limelika vibaya, walioteguka walikuwa asilimia 67. Miongoni mwa wachezaji wa michezo ya kugongana wenye upungufu huo wa mfupa, asilimia 89 waliteguka upya. Nanga na nyuzi hazina uwezo wa kujaza pengo la mfupa.

Kwa wagonjwa wa kundi hili, wapasuaji wengi hulirudia wazo la Mfaransa Michel Latarjet, wa Lyon, lililochapishwa mwaka 1954. Mbele ya bega kuna kijipembe cha mfupa kilichopinda kama mdomo wa kunguru. Hukatwa pamoja na misuli inayokishika, kikahamishiwa kwenye ukingo uliolika na kukazwa kwa skrubu mbili. Kisahani hupanuka, na misuli iliyohama nayo huwa kama mkanda unaouzuia mfupa kutoka mkono unapoinuliwa. Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa kwa kulifungua bega, ijapokuwa Mfaransa mwingine, Laurent Lafosse, alionyesha katika miaka ya 2000 kuwa hata huo waweza kupitishwa kwenye matundu. Ni kazi ngumu, karibu na neva kubwa za mkono, na si wengi wanaoimudu.

Swali la nani apewe matundu na nani afunguliwe bega lilipata kipimo mwaka 2007, wakati Frédéric Balg na Pascal Boileau walipotunga orodha ya alama 10. Mwenye miaka 20 au chini hupewa alama 2, anayecheza kwa mashindano 2, mchezo ukiwa wa kugongana au wa kuinua mkono kwa nguvu 1, viungo vikiwa vilegevu kwa maumbile 1, na picha ya eksirei ikionyesha tufe lililobonyea au kisahani kilicholika, 2 kwa kila moja. Katika wagonjwa wao, waliozidi alama 6 waliteguka tena kwa asilimia 70 baada ya upasuaji wa matundu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayecheza raga kwa mashindano huanza na alama 5 hata kabla ya picha kutazamwa.

Tangu hapo masharti yamezidi kukazwa. Zamani madaktari walikuwa wakisubiri kisahani kipungue kwa robo au moja kwa tano ndipo wafikirie kuhamisha mfupa. Uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani wa mwaka 2015 uligundua kwamba hata upungufu wa asilimia 13.5 ulitosha kuwaacha watu na mabega wasiyoyaamini. Tufe likiwa na mbonyeo mkubwa, siku hizi baadhi ya wapasuaji huushona msuli wa nyuma ndani ya mbonyeo huo, kupitia matundu yale yale, ili usinase ukingoni. Jaribio lililofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2021 lilionyesha kuwa nyongeza hiyo ilishusha idadi ya walioteguka tena kutoka asilimia 18 hadi 4.

Kwa hiyo mgonjwa anayekwenda kumwona mpasuaji ana haki ya kuuliza mfupa wake umelika kiasi gani na umepimwa kwa picha gani. Eksirei huanzisha, MRI huonyesha pete na kano, lakini skani ya CT ndiyo inayoupima mfupa vizuri zaidi. Yuko pia yule ambaye mabega yake yote mawili hulegea kila upande bila kuwahi kuumia. Huyo hutibiwa kwanza kwa mazoezi ya misuli kwa miezi kadhaa, na kumkimbiza kwenye chumba cha upasuaji ni kosa.

Humu nchini, upasuaji huu hufanywa hasa katika hospitali kubwa za mijini, Nairobi ikiongoza. Mgonjwa wa mbali huhesabu nauli za kurudi kwa ukaguzi na mazoezi juu ya gharama ya hospitali, na bei ya nanga huongezeka kwa kila moja inayotiwa. Anayetegemea bima, iwe ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024 au ya kampuni ya kibinafsi, heri apate idhini kwa maandishi, nanga zikiwa zimetajwa, kabla ya kulazwa.

Madhara ya upasuaji si mengi lakini yapo. Maambukizi ni nadra, neva zaweza kuumia, na bega laweza kukakamaa. Kinachoharibu zaidi ni haraka. Nyuzi hushikilia pete kwa muda tu, mpaka mwili wenyewe uiunganishe na mfupa, na mwili hauharakishwi na ratiba ya ligi. Mkono huning'inizwa kwa majuma manne hadi sita, huku vidole, kifundo na kiwiko vikichezeshwa kila siku. Kuugeuza mkono nje huku umeinuliwa, mkao ule ule uliolivunja bega, hukatazwa kabisa katika kipindi hiki. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo huurudisha mwendo hatua kwa hatua, na mazoezi ya nguvu hufuata kuanzia mwezi wa tatu hivi.

Kukaba na kukabwa husubiri mpaka mwezi wa tano au wa sita, na hata hapo kalenda pekee haitoshi. Nguvu za mkono uliopasuliwa hulinganishwa na za ule mzima. Mchezaji huinuliwa mkono katika mkao wa kurusha na kusukumwa nyuma taratibu, huku mchunguzi akimtazama usoni. Akikunja uso au kuushika mkono kwa hofu, hurudishwa mazoezini, hata kama fainali ni Jumamosi.